Kabla ya Kuinyamazisha Onduleri

Pita katikati ya Kisangani saa za kazi, kuanzia sekretaria zinazochapa kazi za wanafunzi wa chuo kikuu hadi maduka ya dawa ya Makiso na ofisi ndogo za Mangobo. Kuna sauti moja haikosi. Ni mlio mwembamba wa onduleri, kisanduku cha betri kilichowekwa chini ya meza ili kompyuta isizimike umeme ukikatika: pii, kimya, pii, kimya. Kisha tazama watu wanavyokijibu. Mmoja anakisukuma kwa mguu. Mwingine anabonyeza kitufe mpaka kinyamaze. Wa tatu amekwisha kumwita fundi, naye ameifungua onduleri na kuing'oa kengele yake kwa koleo. Za namna hii ya tatu naziona zikiongezeka mwaka hadi mwaka, onduleri bubu, zinazofanya kazi bila kumwambia mtu lolote hadi siku ya kuzimika.

Nitasema msimamo wangu mapema. Katika mji huu, onduleri inayolia mara nyingi haina kosa. Inalia kwa sababu umeme unaoifikia ni mbovu, au kwa sababu betri yake haijawahi kupata saa za kutosha za kujaa. Kuinyamazisha ni kuitupa taarifa tuliyoinunua kwa pesa zetu. Na kwa kuwa kila nyumba inainyamazisha ya kwake peke yake, ubovu ulioko juu ya nguzo na ndani ya kabine za transfoma za mtaa unakosa shahidi. Mficha maradhi, wazee wetu walionya, kifo humuumbua.

Bwawa moja, mji mzima

Kisangani haikupungukiwa na maji. Mto Kongo unatupitia ubavuni, maporomoko ya Boyoma yako hapo juu ambapo Wagenia hutega samaki kwa mitego yao mikubwa, na mto Tshopo unaingia mjini ukiwa na nguvu ya kuzungusha mitambo. Bwawa la Tshopo lilijengwa katika miaka ya 1950, mji ukiitwa bado Stanleyville. Lina mitambo mitatu, na ikizunguka yote nguvu yake haifiki megawati 20. Mji uliojengewa bwawa hilo ulikuwa mdogo. Wa leo una wakazi zaidi ya milioni moja, na katika miaka mingi iliyopita si mara zote mitambo yote mitatu imekuwa ikizunguka pamoja.

Watu wa nje hutushangaa. Je, Kongo si nchi ya Inga? Ndiyo, Inga ya kwanza ilianza mwaka 1972 na ya pili mwaka 1982, na kwa pamoja zilijengwa kutoa zaidi ya megawati 1,700. Lakini nyaya zake zinakwenda Kinshasa na kusini hadi kwenye migodi ya Katanga. Hapa kwetu hazifiki. Mtandao wa Kisangani uko peke yake, kwa hiyo mtambo mmoja wa Tshopo ukisimama kwa matengenezo, hakuna mji jirani wa kutuazima umeme. Kinachobaki ni delestaji: kartie hii inapewa, ile inanyimwa.

Waliokuwa hapa Juni mwaka 2000 wanajua maana ya kutegemea chanzo kimoja. Majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wetu kwa siku sita, kuanzia tarehe 5 hadi 10, mabomu yakaanguka katika makazi ya watu, na umeme na maji vikakatika pamoja. Vilikatika pamoja kwa sababu pampu za maji huendeshwa na umeme. Ndivyo ilivyo hata katika delestaji ya kawaida: mama anayekosa taa usiku ndiye anayetafuta bidoni za maji asubuhi.

Unguja nayo ililionja jambo hilo. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kilikaa gizani kwa takriban miezi mitatu, kwa sababu umeme wake ulitegemea waya mmoja tu uliopita chini ya bahari kutoka Tanzania Bara. Watu walinunua jenereta, hoteli zikaunguza dizeli, wauza samaki wakapoteza mali. Nafuu ya kudumu ilitoka wapi? Ilitoka kwenye waya mpya, mkubwa zaidi, wenye uwezo wa megawati 100, uliozinduliwa mwaka 2013. Jenereta zote za Unguja zikijumlishwa hazikufanya kazi ya waya ule. Nautaja mfano huu kwa sababu sisi tunazidi kuamini kwamba visanduku vya chini ya meza vitatuvusha.

Kisanduku kilitengenezewa nani?

Onduleri ndogo tunazonunua zilitengenezwa kwa ajili ya miji ambako umeme upo karibu saa zote, na ukikatika unarudi baada ya dakika chache. Kazi yake ilikuwa kumpa mtu muda wa kuhifadhi alichoandika na kuzima mashine kwa adabu. Hesabu yake ni nyepesi. Ndani mna betri ya volti 12 na ampea-saa 7. Zidisha, unapata wati-saa 84. Kompyuta ya mezani na kioo chake vikila wati 120, kwenye karatasi utapata dakika arobaini. Lakini betri ya risasi ikinyonywa kwa kasi hiyo haitoi kila ilichonacho, na kisanduku chenyewe kinakula sehemu yake. Dakika ishirini kutoka kwa betri mpya ni matokeo mazuri.

Sasa iweke onduleri hiyo kwenye kartie inayopata umeme saa mbili, ikakaa bila umeme saa tano, ikapata tena saa moja. Chaja yake ni ndogo, huhitaji saa sita, nane, wakati mwingine zaidi, ili kuijaza betri iliyokwisha. Saa hizo sita mfululizo hazipo. Betri inaishi kama mtu anayeondolewa sahani kila anapofika nusu ya chakula. Bamba za risasi zikikaa muda mrefu bila kujazwa, juu yake hujengeka fuwele ngumu za salfeti ambazo hakuna chaja ndogo inayoweza kuziyeyusha. Miezi michache inapita, dakika ishirini zinakuwa tano, halafu zinakuwa sekunde. Mwenye mali analalamika kwamba ameuziwa bandia. Huenda ni kweli. Lakini betri halali kabisa ingekufa vilevile.

Kazi ya pili ya onduleri ni kuchunga volti. Umeme wa nyumbani hapa ni volti 220, na mafundi huhesabu kwamba kupanda au kushuka kwa sehemu moja ya kumi bado ni kuvumilika, yaani kati ya 198 na 242. Ikifika jioni, nyumba zote zenye umeme zikawasha resho zao kupika, volti za waya zinashuka. Ampuli inakuwa nyekundu badala ya nyeupe. Onduleri yenye uwezo wa kurekebisha volti inalia “ta!” ndani yake, swichi ndogo imehama ili kuupandisha umeme. Volti zikishuka zaidi inaukataa umeme wa ukutani, inahamia kwenye betri, na inaanza kupiga kelele. Ndipo utakaposikia swali linaloulizwa kila jioni katika mji huu: “Umeme si upo? Mbona hii kitu inalia?” Inalia kwa sababu umeme uliopo haufai kuingizwa kwenye mashine.

Namna ya kuisikiliza

Mtu yeyote anaweza kujifunza kuipima onduleri bila kuwa fundi. Anachohitaji ni multimita, kile kipimo kidogo chenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, ambacho bei yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ya betri moja. Napendekeza kila sekretaria, kila kituo cha afya na kila shule yenye kompyuta iwe nacho. Anayekitumia kwa mara ya kwanza asimamiwe na anayekijua.

Aanze na ukuta, asianze na kisanduku. Apime volti kwenye prizi mchana, apime tena saa moja jioni wakati wa kupika, apime tena usiku watu wakilala. Vipimo vikiwa 215 mchana na 160 jioni, jibu limepatikana: onduleri ni nzima na ndiyo inayosema kweli. Kubadilisha betri hakutamsaidia. Kununua onduleri ya pili hakutamsaidia pia.

Halafu asikilize mpangilio wa mlio. Vitabu vya maelezo vinatofautiana, lakini desturi inafanana: mlio wa kukatika-katika maana yake inatumia betri, ukizidi kuwa wa haraka, betri inakaribia kuisha, ukiwa mmoja usiokatika, mzigo umezidi au kuna hitilafu ndani. Mlio unaokuja wakati umeme upo na volti ni nzuri, ukirudi kila baada ya muda, kwa kawaida ni ombi la betri mpya. Ule wa “ta, ta, ta” ni swichi zinazohama huku na huku kwa sababu volti zinapanda na kushuka. Ukiusikia kila mara jirani anapochomelea vyuma, umeshajua unakotoka.

Mzigo uliozidi ni ugonjwa wa sekretaria zetu hasa. Onduleri imeandikwa 650 kwa herufi kubwa, mteja anadhani ni wati 650. Hizo ni volti-ampea; wati zake halisi ziko karibu na 360 au 390. Kisha anaichomeka printa ya leza. Printa hiyo ikipasha moto kinu chake cha kukaushia wino hunyonya kwa ghafla wati mamia kadhaa, nyingine hupita elfu. Onduleri inapiga ukelele mmoja na kuzima kila kitu, pamoja na ukurasa wa mwanafunzi aliyekuwa akilipia. Printa ya leza ichomekwe kwenye ukuta, au kwenye stabilizateri yake kubwa. Onduleri iachiwe kompyuta, kioo chake na kifaa cha intaneti, basi.

Kuna onduleri inayohamia kwenye betri vizuri, lakini kompyuta inazimika palepale. Fundi anabadilisha betri, hali ni ileile. Hapa sababu huwa ni umbo la umeme wenyewe. Onduleri za bei ya chini hazitoi wimbi laini kama la ukutani. Hutoa wimbi la ngazi-ngazi. Feni na transfoma ndogo zikilishwa wimbi hilo huvuma, na baadhi ya kompyuta mpya hulikataa kabisa. Mvumo huo si dalili ya kuharibika. Lakini kompyuta ikilikataa wimbi, dawa ni onduleri ya wimbi laini, hata kama ni ghali zaidi, au kompyuta ya mkononi yenye betri yake.

Na grupu? Injini ndogo ya petroli inatakiwa kuzunguka mara 3,000 kwa dakika ili itoe mizunguko 50 kwa sekunde. Ikiwa na mzigo mdogo inakwenda mbio, ukiwasha friji inashuka. Onduleri inaona mizunguko inayoyumba, haiiamini, inabaki kwenye betri huku grupu ikinguruma nje na mafuta yakiungua bure. Fundi wa injini anaweza kurekebisha mwendo wake. Baadhi ya onduleri zina mpangilio wa kupunguza ukali wa uchunguzi wao. Mwenye nayo asome kitabu chake. Naona uchungu ninapomkuta mwenye duka amenunua lita za petroli, ameziunguza, na bado kompyuta yake imelala kwa sababu hakuna aliyemweleza jambo hili.

Kuna dalili moja haingoji kipimo. Ampuli za nyumba yako zikiwaka kwa ukali usio wa kawaida huku za jirani zikififia, au onduleri ikaanza kulia huku multimita ikionyesha 300 na kuendelea, shusha swichi kubwa ya nyumba mara moja. Waya wa nyutro umelegea au umekatika mahali fulani. Kati ya nyaya mbili za moto katika mtandao wetu mna volti 380, na nyutro ikipotea nyumba zinaanza kugawana volti hizo bila haki. Televisheni, friji na chaja za simu huungua kwa usiku mmoja katika nyumba kadhaa za avenyu ileile. Katika usiku kama huo onduleri yenye kengele hutangulia kutoa habari. Ile iliyong'olewa kengele haisemi.

Nisisahau usalama. Onduleri iliyochomolewa ukutani bado inaweza kutoa volti 220 kwenye prizi zake, kwa sababu betri iko ndani. Watoto wasiichezee. Na betri iliyovimba, au inayotoa harufu ya yai lililooza, isichajiwe tena hata dakika moja.

Betri iliyosafiri mtoni

Bidhaa zinatufikia hapa kwa njia ndefu. Nyingi zinapanda mto kutoka Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,700, juu ya mashua zinazokwenda wiki kwa wiki, zikisimama kila gati. Nyingine zinatoka mashariki, Butembo na Beni, kwa barabara ambayo mvua huigeuza matope. Betri ya risasi haipendi safari hiyo. Hata ikiwa haijatumiwa inajipunguza yenyewe kila mwezi, na joto likizidi inajipunguza haraka zaidi. Watengenezaji wanataka betri iliyo ghalani ichajiwe upya angalau kila miezi sita. Nani anaichaji ikiwa ndani ya boksi, chini ya turubai, katikati ya mto? Inapofika soko kuu, inang'aa kwa nje, nayo imezeeka.

Kwa hiyo mnunuzi apime kabla ya kutoa pesa. Betri nzima ya volti 12 iliyotulia inaonyesha karibu 12.7. Ikionyesha chini ya 12.4 imekaa sana. Chini ya 12, aiache. Aipime kwa mkono pia: ile ya ampea-saa 7 yenye risasi ya kutosha ina uzito wa kilo mbili na kitu. Nyepesi mno ina risasi kidogo, hata kama maandishi yake ni yale yale. Atafute tarehe iliyochapwa au kugongwa kwenye plastiki. Rahisi ni ghali, na katika bidhaa hii ughali wake hujitokeza mwezi wa tatu.

Akishaiweka, aichunge na joto. Kanuni ya mafundi wa betri ni kwamba kila nyuzi kumi zinazoongezeka juu ya 25 hupunguza nusu ya maisha yake. Ndani ya duka la bati lisilo na dari, adhuhuri ya Kisangani hupita mbali hiyo 25. Onduleri iliyobanwa kati ya ukuta na rundo la karatasi, matundu yake yakiwa yamezibwa na vumbi, inapikwa polepole. Isogeze. Ipanguse. Hilo halimgharimu mtu hata faranga.

Kuna desturi nyingine nataka niiseme waziwazi kwa sababu inaenea: kuunganisha betri kubwa ya gari kwenye onduleri ndogo ili idumu saa nyingi. Utamsikia fundi kijana akimwambia mteja, “Mama, hii itakufikisha asubuhi.” Itamfikisha usiku wa kwanza. Lakini chaja ndani ya kisanduku hicho inatoa takriban ampea moja, nayo itahitaji siku nzima na zaidi kuijaza betri ile, siku ambayo hatuna. Vipande vya ndani vilipangiwa kufanya kazi dakika chache kisha vipoe. Ukivilazimisha saa nne vinaungua, na moto wa namna hiyo huanza watu wakiwa usingizini. Betri ya gari inayochajiwa chumbani hutoa gesi inayoshika moto kwa cheche moja. Anayetaka saa nyingi anahitaji mashine nyingine: konvertisa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, betri ya mzunguko mrefu, na plake za jua juu ya paa. Jua halingojei zamu ya delestaji.

Na betri zilizokufa zinakwenda wapi? Nyuma ya nyumba. Tindikali inamwagwa mtaroni, risasi inayeyushwa kwenye sufuria. Risasi huharibu ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo sana, na mtoto huyo ndiye anayecheza uani. Kila betri tunayoiua kabla ya wakati ni sumu iliyoongezwa kwenye parseli zetu.

Anayelipa

Tuhesabu mfukoni mwa nani pesa hizi zinatoka. Mwanafunzi analipa kurasa zake kuchapwa mara mbili kwa sababu za kwanza zilipotea. Muuza samaki mwenye konjelateri ananunua stabilizateri, halafu barafu ya kununua, halafu anauza samaki kwa hasara kabla hawajaoza. Muuguzi anashika tochi ya simu kwa meno wakati mama anajifungua. Baba wa nyumba analipa bili ya umeme, analipa betri ya onduleri, analipa petroli ya grupu, na mwishoni anamlipa kijana wa kuchaji simu barabarani. Huduma moja inalipiwa mara nne. Nani katika nyumba hiyo alipanga bajeti ya namna hiyo?

Na kwa nini tunalipa kimya? Nafikiri ni kwa sababu kisanduku kimetufanya tuone tatizo la mtaa kuwa la mtu binafsi. Onduleri yako imelia, basi ni wewe uliyenunua vibaya. Friji yako imeungua, basi ni bahati yako. Nyumba kumi kwenye waya mmoja zinapata volti 160 jioni ileile, kila moja inaita fundi wake, na mafundi kumi wanabadilisha betri kumi. Nusu ya pesa hizo ingetosha kuwaweka watu hao kumi kwenye meza moja, wakiwa na karatasi yenye vipimo.

Sisemi kwamba vipimo vitazaa megawati. Mji huu unahitaji mitambo yote mitatu ya Tshopo izunguke, na unahitaji vyanzo vipya. Sheria ya umeme ya Juni 2014 ilifungua mlango kwa wawekezaji wengine pamoja na shirika la taifa, na ikaweka msingi wa mamlaka ya kuisimamia sekta. Hiyo ni kazi ya serikali, ya mkoa na ya taifa, na tuwadai. Lakini sehemu kubwa ya kelele ninazozisikia haitokani na upungufu wa maji ya Tshopo. Inatokana na kabine iliyobebeshwa nyumba nyingi kuliko uwezo wake, nyaya nyembamba zilizoungwa kwa mikono, nyumba zilizorundikwa kwenye waya mmoja wa moto huku mwingine ukiwa na nafasi, viungo vilivyoshika kutu juu ya nguzo. Hayo yanarekebishika ndani ya mwezi, kwa watu na vifaa vilivyopo mjini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tunajenga kuta ndogo ndogo chini ya kila meza.

Daftari la avenyu

Ninachopendekeza ni kidogo. Kila avenyu yenye umeme ichague mtu mmoja, mwalimu au mwanafunzi wa ufundi, mwenye multimita na daftari. Apime prizi ya nyumba tatu: ile iliyo karibu na kabine, ya katikati, na ya mwisho wa waya. Saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa moja jioni. Aandike pia saa umeme ulipokuja na saa ulipokwenda. Nyumba zenye onduleri ziache kengele zao zilie, na anayesikia mlio usiku wa manane aandike saa. Baada ya mwezi, daftari lipelekwe kwa chifu wa kartie na kwa ofisi inayotuuzia umeme, nakala ibaki mtaani.

Kwa nini nyumba tatu? Kwa sababu tofauti kati yake inaonyesha mahali pa ugonjwa. Volti zikiwa mbaya tangu nyumba ya kwanza, tatizo liko kwenye kabine au kabla yake. Zikiwa nzuri mwanzoni na mbaya mwishoni, waya ni mwembamba au umebebeshwa mno. Zikiwa zinapanda katika nyumba moja huku zikishuka katika nyingine, nyutro imelegea, na hilo halipaswi kungoja hata usiku mmoja. Fundi wa umeme anayekuja kukuta maandishi hayo hapotezi siku nzima akipanda nguzo moja baada ya nyingine. Anajua aanzie wapi.

Ofisi inayouza umeme nayo itangaze ratiba ya delestaji, kartie kwa kartie, na iifuate. Mwenye onduleri akijua kwamba umeme wake utakuwepo kuanzia saa nne usiku hadi alfajiri, atapanga betri ijae katika saa hizo, ataizima mapema mchana badala ya kuinyonya hadi mwisho, na betri ya mwaka mmoja itamfikisha wa tatu. Mwenye konjelateri atajua siku ya kununua samaki. Kituo cha afya kitajua saa ya kuchemshia vifaa. Ratiba haihitaji mtambo mpya. Inahitaji karatasi, redio za mji, na mtu wa kuwajibika inapovunjwa.

Kiungo cha nyutro kilicholegea kinahitaji ngazi, ufunguo na nusu saa ya fundi aliyefundishwa kazi hiyo, mradi awe ameambiwa ni nguzo ipi.